Mwanangu anataka kuhama chuo arudi karibu na nyumbani: ahame au avumilie?

Swali (vuli ya 2025): Naishi Louisville, Kentucky. Tulifika mwaka 2012 tukitokea kambi ya Nyarugusu. Mtoto wangu wa pili ana miaka 20, anacheza futiboli ya Kimarekani, safu ya ulinzi, kwenye chuo cha daraja la kwanza kilicho mwendo wa saa 11 kwa gari kutoka hapa. Mwaka wa kwanza hakucheza hata mechi moja, mwaka huu wamemwingiza mechi tatu. Mwezi wa nane baba yake alipata kiharusi. Tangu hapo mtoto analia kwenye simu, anasema anataka kurudi karibu na nyumbani. Kocha wake kamwambia akiingiza jina kwenye potali ya uhamisho, skolashipu yake imekwisha. Rafiki zake wanamwambia aingize tu, vyuo vitamgombania. Na mdogo wake yuko sekondari mwaka wa tatu, makocha wameshaanza kumtumia ujumbe. Mimi haya mambo siyajui. Ahame au avumilie?

Jibu: Mama, kwanza pole. Kiharusi kikiingia nyumbani kinawalaza wote, na aliye mbali huumia zaidi kwa kuwa hana hata la kushika mkononi. Mfikishie Baba salamu zangu.

Kazi yangu ni kuwashauri wanamichezo wa vyuo kuhusu masomo yao, na nimeifanya huku Marekani kwa miaka 13. Vijana wanaozungumza Kiswahili nyumbani kwao nawaona wakiongezeka kila mwaka. Swali kama lako naulizwa mara nyingi, ila wazazi wengi huniuliza jina likiwa limeshaingia. Wewe umewahi, ndiyo maana nitakujibu kwa urefu.

Kurudi karibu na baba mgonjwa ni sababu ya heshima, na kijana asione aibu kuisema mbele ya kocha yeyote. Lakini jina lisiingie kwenye potali mpaka mjue krediti zake ngapi, yaani pointi anazopata kwa kila kozi anayofaulu, zitahesabiwa kwenye shahada huko anakotaka kwenda. Vijana huuliza watacheza wapi. Ninyi wazazi ulizeni atahitimu wapi, na mwaka gani.

Tuanze na hiyo potali, maana jina lake linawatisha watu. Ni orodha ya kompyuta ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, na ilianza Oktoba 2018. Mchezaji anayetaka kuhama anaiandikia ofisi ya kanuni ya chuo chake, na ofisi inapaswa kuingiza jina lake ndani ya siku mbili za kazi. Kocha hana ruhusa ya kukataa. Zamani alikuwa nayo, aliweza hata kuamua kijana azungumze na vyuo gani. Na mpaka mwaka 2021 mchezaji wa futiboli wa daraja la kwanza aliyehama kwa kawaida alikaa benchi mwaka mzima kama adhabu. Aprili 2024 NCAA ikaondoa na kikomo cha mara ngapi mtu anaweza kuhama, mradi masomo yake yako sawa. Kwa hiyo mlango uko wazi kuliko wakati wowote.

Kama Baba alikuwa akifuatilia Simba na Yanga redioni kule Kigoma, basi dirisha la usajili analijua. Huku nako kuna dirisha, ila utaratibu wake ni mwingine. Hakuna klabu inayozungumza na klabu nyingine, wala hakuna anayeuzwa. Kijana anajitangaza mwenyewe, na siku anapojitangaza hana karatasi mpya mkononi. Anatoka nyumba moja kabla hajapewa ufunguo wa nyingine.

Na safari hii dirisha limefinywa. Yalikuwa mawili, moja Desemba na jingine Aprili. Sasa limebaki moja: Januari 2 hadi 16, 2026. Jina likishaingia ndani ya siku hizo, kuchagua chuo kunaweza kuja baadaye. Lakini siku hizo zikipita hajaingia, ni kungoja mwaka mwingine, isipokuwa kocha mkuu wa chuo chake akiondoka, hapo wachezaji wake hufunguliwa dirisha lao la siku 15. Tatizo la Januari, Mama, ni kwamba vyuo vingi navyo vinafungua muhula kwenye wiki hizohizo. Anayetaka kuanza masomo mahali papya mwezi huohuo ana siku za kuhesabu kwa vidole za kukubaliwa, kupata kozi na kupata kitanda. Uamuzi wenu inabidi uive kabla ya Krismasi, hata kama jina litaingia baada ya mwaka mpya.

Kuhusu maneno ya kocha: hakudanganya, ila hakumaliza sentensi. Jina likiingia, chuo kinaruhusiwa kusitisha skolashipu mwisho wa muhula ule. Kinaruhusiwa, hakilazimiki. Wapo makocha wanaomwachia kijana amalize mwaka, wapo wanaofunga hata mlango wa chumba cha mazoezi siku hiyohiyo. Mwanao aiulize ofisi ya kanuni na ofisi ya fedha, kwa barua pepe: "Nikiingiza jina tarehe fulani, msaada wangu utaishia muhula upi?" Ajibiwe kwa maandishi. Neno la kocha koridoni halimlipii mtu ada.

Rafiki zake nao wanapenda mema, lakini wanakadiria soko la jana. Juni 2025 jaji Claudia Wilken aliidhinisha suluhu ya kesi kubwa kati ya wachezaji na NCAA, inayojulikana kama kesi ya House. Wengi walisikia habari ya pesa tu, kwamba sasa vyuo vinaweza kuwalipa wachezaji moja kwa moja, hadi dola milioni 20.5 kwa chuo kwa mwaka wa kwanza. Kilichowagusa vijana kama wako ni kipengele kingine: vyuo vilivyojiunga na mpango huo havitakiwi kuwa na wachezaji zaidi ya 105 wa futiboli. Zamani kulikuwa na skolashipu 85 na kundi kubwa la wanaojilipia ada, kikosi kikafika 120 na zaidi. Waliokatwa ili idadi ishuke nao wanatafuta pa kwenda. Kila mwaka kuna vijana wanaoingia kwenye potali na simu isiite.

Atizame video yake kwa jicho la mtu asiyemjua. Mechi tatu ni nyingi au chache kulingana na alichofanya uwanjani. Kama alisimama kwenye safu na kuangusha watu, zinatosha kumfungulia mazungumzo. Kama aliingia kwa mikwaju ya kuanzia tu kisha akarudi benchi, kocha mgeni hana la kupima. Hapo kocha wake wa sekondari hapo Louisville ana thamani kubwa kuliko rafiki kumi, kwa sababu makocha wa Kentucky wanamwamini anaposema "huyu namjua."

Nikupe mfano wa jimboni kwenu. Wan'Dale Robinson alisoma sekondari Frankfort. Aliwahi kuahidi kwenda Chuo Kikuu cha Kentucky, akageuza mawazo, akaenda Chuo Kikuu cha Nebraska. Alicheza huko misimu ya 2019 na 2020, na hakuwa mchezaji wa benchi. Januari 2021 akarudi Kentucky, akisema anataka kuwa karibu na familia. Kutoka Frankfort hadi Lexington ni kama nusu saa kwa gari. Msimu ule mmoja alidaka pasi 104 kwa yadi 1,334, rekodi za chuo, na mwaka uliofuata New York Giants, timu ya kulipwa ya NFL, wakamchukua katika raundi ya pili ya kuchagua wachezaji wapya. Kwa hiyo asije mtu akamwambia mwanao kwamba kurudi nyumbani ni dalili ya udhaifu. Ila angalia alirudi akiwa nani: misimu miwili ya video, na mahali palipokuwa na pengo la mtu wa aina yake.

Upande wa pili yupo Nico Iamaleava, kijana wa Long Beach, California. Aliondoka Chuo Kikuu cha Tennessee Aprili 2025 katikati ya mvutano wa malipo ulioandikwa kila mahali, akaenda chuo cha UCLA cha Los Angeles, karibu na kwao. Msimu ulipoanza timu ikapoteza mechi tatu za kwanza, na kocha mkuu aliyempokea, DeShaun Foster, akafukuzwa Septemba hiyohiyo. Nyumbani palibaki palepale, lakini mtu aliyemwita hakuwepo tena. Hilo linaweza kumpata yeyote. Mwanao akichagua chuo kwa sababu ya kocha mmoja, ajiulize kama angebaki pale kocha yule akiondoka wiki ya tatu.

Sasa krediti, na hapa naomba ukae chini.

Mchezaji wa daraja la kwanza hahitaji kufaulu tu. Anatakiwa awe anasogea kwenye shahada moja inayojulikana. Akianza mwaka wa tatu awe amemaliza asilimia 40 ya shahada hiyo, mwaka wa nne asilimia 60, wa tano asilimia 80. Shahada ya krediti 120 ina maana ya krediti 48, kisha 72, kisha 96. Na zinazohesabiwa ni zile zinazoingia kwenye fani aliyoichagua katika chuo anachochezea. Akihama chuo, hesabu inafanywa upya kwa vitabu vya chuo kipya.

Tuseme mwanao atakuwa na krediti 60 ifikapo mwezi wa tano. Kwenye chuo chake cha sasa yuko mbele, hana wasiwasi. Anahamia kwingine, wanampokea krediti zote 60, mnafurahi. Kisha mtu wa idara anakaa na karatasi anaona kozi za fani ya pale ni tofauti, zinazoingia kwenye shahada ni 40 tu. Agosti ikifika kijana yuko nyumbani, anavaa jezi ya mazoezi, na Jumamosi hachezi, kwa sababu amepungukiwa krediti nane.

Niliwahi kukaa jikoni kwa familia moja ya Waburundi jambo hili likiwa limeshatokea. Mama wa kijana alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Barua ya chuo kipya ilikuwa imebandikwa kwenye jokofu, imeandikwa kwamba krediti 63 zimekubaliwa, na baba mtu aliipigia mstari kwa kalamu nyekundu. Kijana alikuwa anasoma uhandisi. Nikaeleza mara ya kwanza, hawakunielewa, na kosa lilikuwa langu, nilikuwa nasema maneno ya ofisini. Nikamwomba Mama yule maharage. Nikahesabu 63 mezani. Nikamwambia, haya yote wameyapokea. Kisha nikasogeza 29 upande wa pili, nikamwambia, na haya wameyaweka kwenye kikapu cha kozi za hiari, uhandisi hauyahitaji. Yakabaki 34. Aliyatazama muda mrefu, akayarudisha kwenye ungo moja moja, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Sasa hayo mengine alisoma ya nini?"

Kijana akabadilisha fani ili aweze kucheza. Alicheza vizuri tu, na wazazi wake walimwona uwanjani kila Jumamosi ya nyumbani, jambo ambalo silidharau hata kidogo. Lakini muda wake wa kucheza uliisha akiwa amebakiwa na krediti 11, na skolashipu nayo ikaisha. Zile 11 alizimaliza usiku, miaka miwili baadaye, mchana akifanya kazi ghalani. Na uhandisi hakuurudia tena.

Kwa hiyo neno "zimepokelewa" msilikubali. Mwulize mshauri wa masomo wa fani yenyewe, wala si kocha wala mtu wa usajili wa timu: kati ya hizi, ngapi zinaingia kwenye shahada hii? Sehemu ya kazi hii mnaweza kuifanya leo bila kuvunja kanuni yoyote. Kinachokatazwa ni makocha wa chuo kingine kuzungumza naye kabla jina halijaingia. Hakuna kinachomkataza mwanafunzi kuchukua transkripti yake, yaani karatasi ya kozi na alama zake, kufungua jedwali la kozi kwenye tovuti ya chuo, na kuuliza ofisi ya udahili kama anavyouliza mwanafunzi mwingine yeyote. Na muhula huu asizembee: mchezaji wa futiboli anatakiwa apate angalau krediti tisa katika muhula wa vuli, la sivyo anaanza msimu ujao akiwa amefungiwa mechi nne. Machozi ya kwenye simu yasije yakageuka kozi mbili zilizoachwa.

Kuna na saa ya miaka mitano. Tangu alipoanza chuo ana miaka mitano ya kucheza misimu minne, na saa hiyo haisimami kwa kuhama wala kwa ugonjwa wa nyumbani. Ule mwaka wa kwanza aliokaa nje ndio mwaka wake wa akiba, umeshatumika. Imebaki misimu mitatu katika miaka mitatu. Hana nafasi ya kujaribu chuo kimoja aone, kisha kingine aone.

Sasa nikuulize jambo la nyumbani, na usinielewe vibaya. Akirudi, atakuwa anafanya nini hasa kwa Baba? Wakati wa msimu kanuni zinaruhusu saa 20 za timu kwa wiki, na kijana yeyote atakwambia saa halisi zinazidi, ukijumlisha matibabu, video na safari. Nimeona vijana waliohamia chuo kilicho dakika 20 kutoka nyumbani na mama zao wakawa wanawaona Jumapili jioni tu, wamelala kwenye kochi. Bado ni bora kuliko saa 11 za barabara, nakubali. Lakini kama mnamtegemea ampeleke Baba mazoezi ya viungo Jumanne na Alhamisi saa nne asubuhi, muda huo timu inaweza kuwa nao. Aulize ratiba ya wiki nzima, aiandike, muiweke kando ya ratiba ya Baba.

Na kama sehemu ya mzigo ni kutafsiri kwa daktari, kama ilivyo kwenye nyumba nyingi zetu, jueni kwamba hospitali inayopokea fedha za serikali kuu inawajibika kuwapa mkalimani bure, kwa simu au ana kwa ana. Ombeni mkalimani wa Kiswahili tangu mnapopanga miadi, na mseme ni Kiswahili cha Kongo kama Baba anakisikia hicho vizuri zaidi. Mtoto wa miaka 20 asibebeshwe kumweleza baba yake habari za mishipa ya ubongo. Mara nyingi hicho ndicho kinachomliza kwenye simu, na hawezi kukitamka.

Jingine la kufanya kabla ya yote: vyuo vya daraja la kwanza vina mfuko wa NCAA wa kuwasaidia wanafunzi wanamichezo, na safari ya nyumbani kwa ajili ya mgonjwa wa familia ni mojawapo ya mambo unayoweza kulipia. Wengi hawauombi kwa kuwa hawajaambiwa upo. Aende ofisi ya kanuni aseme baba yake ana kiharusi na anaomba tiketi. Akimwona Baba kwa siku nne, akamshika mkono, huenda akafikiri kwa utulivu zaidi. Nimeona kijana akirudi chuoni kutoka safari kama hiyo na kusema anaweza kumaliza mwaka. Mwingine alirudi na uhakika kwamba lazima ahame. Wote wawili waliamua wakiwa wametulia.

Tuseme ameamua kuhama. Angalia ramani ya vyuo vya karibu yenu bila kuangalia nembo. Louisville iko hapohapo, Kentucky iko Lexington kama saa moja na robo, na hizo ndizo kila kijana anazitaja, nazo ndizo ngumu zaidi kwa mwenye mechi tatu. Western Kentucky, kule Bowling Green, haizidi saa mbili. Eastern Kentucky, kule Richmond, iko katika ngazi ya pili ya daraja la kwanza, na kwenye ngazi hiyo skolashipu ya futiboli inaweza kukatwa vipande, kijana akapewa nusu. Morehead State nayo ni daraja la kwanza lakini futiboli yake haina skolashipu ya michezo kabisa, msije mkashtuka baadaye. Kentucky State ya Frankfort iko daraja la pili, chini ya saa moja kutoka kwenu. Georgetown College na Campbellsville ziko chini ya NAIA, chama kingine chenye kanuni zake na dirisha lisilofanana na la NCAA. Centre, kule Danville, na Hanover, ng'ambo ya mto upande wa Indiana, ni daraja la tatu: hakuna senti ya michezo, lakini kuna misaada ya masomo na ya hali ya familia ambayo wakati mwingine inazidi nusu skolashipu ya timu.

Mimi kwa kijana mwenye hali ya mwanao ningeanzia katikati ya orodha hiyo, siyo juu. Mchezaji anayekaa benchi mbali na nyumbani akahamia kukaa benchi karibu na nyumbani amepunguza nauli tu. Akishuka ngazi moja akacheza kila wiki, akasoma, na Baba akaweza kuletwa uwanjani kwenye kiti chake, hapo sioni alichopoteza. Ndugu zetu wengi wanaona kushuka daraja ni fedheha. Mathias Kiwanuka, mjukuu wa Benedicto Kiwanuka aliyekuwa waziri mkuu wa kwanza wa Uganda, alizaliwa Indianapolis na akaenda kucheza Boston College, mbali na kwao, akafika NFL, ligi ya kulipwa. Yeye njia yake ilikuwa hiyo. Ya mwanao ina mgonjwa ndani yake, haiwezi kupimwa kwa ya mwingine.

Pesa. Mlikuja kama wakimbizi, kwa hiyo kijana anastahili msaada wa serikali kuu kama Mmarekani. Ruzuku ya serikali iitwayo Pell mwaka huu inafika dola 7,395 kwa mwaka, na haina uhusiano na futiboli. Fungueni ile fomu ya FAFSA, ya kuombea msaada huo, muongeze majina ya vyuo vyote mnavyovifikiria. Na kwa kuwa Baba amepungukiwa kipato baada ya kuumwa, iandikieni ofisi ya fedha ya kila chuo muombe wapitie upya hali ya familia. Fomu inatumia kipato cha zamani, na wana mamlaka ya kurekebisha. Kisha kuna KEES, skolashipu ya jimbo la Kentucky. Kama alimaliza sekondari Kentucky na alama nzuri, kila mwaka wa sekondari ulimwekea akiba, hadi dola 500 kwa mwenye wastani wa alama (GPA) wa 4.0, ya kutumia kila mwaka kwenye vyuo vya jimbo. Alipokwenda jimbo jingine fedha hiyo ililala. Ina muda wa miaka mitano tangu amalize sekondari, kwa hiyo iulizieni mapema. Na akirudi anahesabiwa mkazi wa Kentucky, ada ya vyuo vya umma inashuka sana.

Wazazi wengine mnaosoma hapa ambao watoto wenu wako kwa viza ya F-1, ile ya wanafunzi wa kigeni, msichukue aya hiyo ya pesa kama yenu. Msaada wa serikali kuu hamuupati, uhamisho wa viza lazima upitie ofisi ya wanafunzi wa kigeni, na malipo ya jina na sura ya mchezaji yanaweza kumharibia kijana ukaazi wake. Zungumzeni na mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kusaini chochote.

Kuhusu kusaini: siku jina litakapoingia, watajitokeza watu wa kumwahidi mwanao mambo, wakitaka asaini wapate asilimia. Kwa kijana wa mechi tatu hakuna kazi ambayo dalali ataifanya na kocha wa sekondari asiifanye bure.

Mdogo wake naye, kwa kuwa bado hajafunga mlango wowote. Ujumbe wa makocha siyo nafasi. Hata kocha akisema kwa mdomo "tunakupa skolashipu", haimfungi mtu mpaka iwe kwenye karatasi ya msaada wa fedha. Ile barua ya zamani ya kusaini siku maalumu, watu walizoea kuiita barua ya kitaifa ya nia, ilifutwa Oktoba 2024. Wakija nyumbani kwenu wakae, wale, na umwombe mwanao mkubwa au mkalimani awepo, lakini wewe ndiye uulize. Skolashipu ni kamili au kipande? Ni ya mwaka mmoja au zaidi? Anaalikwa kama mchezaji wa skolashipu au anajilipia ada akiambiwa "tunakuhitaji"? Baba yake akiumwa usiku, anafikaje nyumbani, na nani analipa? Kocha mwema hatachukia swali hilo la mwisho. Nawajua waliolijibu kwa kutaja tarehe na jina la mchezaji waliyemsindikiza wenyewe hadi uwanja wa ndege.

Na mkiona bora asihame sasa, hilo nalo siyo kufunga njia ya nyumbani. Kocha wa Louisville, Jeff Brohm, ni mtoto wa mji wenu. Walimwita mwaka 2018 akiwa Purdue, akakataa. Walipomwita tena Desemba 2022, akaja.

Wiki hii basi: Jumatatu asubuhi mwanao aende kwa mshauri wake wa masomo achukue transkripti na karatasi inayoonyesha krediti zipi zinahesabiwa kwenye fani yake. Akutumie picha kwa WhatsApp. Mchana aende ofisi ya kanuni aombe tiketi ya kuja kumwona Baba, na aulize lile swali la skolashipu kwa barua pepe. Kwa kocha aende baada ya hapo. Karatasi ile ikifika, niandikie tena ukitaja fani anayosoma na vyuo viwili au vitatu mlivyovifikiria, tuihesabu pamoja kabla ya Januari 2.